Mbuzi Walifika Kabla ya Gari

Nianze na petroli na dizeli, maana hayo mawili ndiyo yaliyonila kichwa mwaka mzima.

Mume wangu alipotaka gari, hakutaka gari tu kama watu wengine wa Machakos, wanaouliza kama litabeba magunia na kama spea zake zinapatikana. La. Yeye alitaka lile refu la chini, la kifahari, la viti vya ngozi na injini ya kukimbia, linalopita kwenye matuta ya barabara likikwaruza tumbo. Na alipolipata lile la moyo wake akagundua kwamba linakuja kwa aina mbili. Ngai! Chai iko mezani, anaanza: "Mama watoto, petroli ni laini, haina kelele, halafu ukienda polepole nusu ya silinda zinalala, hazili mafuta." Mchana ananipigia simu kutoka dukani kwake, kule kwenye misumari na mabati, nadhani kuna msiba: "Lakini dizeli inavuta! Kilima haikijui. Unajaza tangi mpaka unasahau ulijaza lini." Namwambia, baba, chukua yoyote, bora ina magurudumu. Ananuna mpaka jioni.

Mwishowe akachukua dizeli. Mimi sikuwa na shida na dizeli. Shida yangu ilikuwa mbuzi watatu.

Kwetu Ukambani mwanamume anaweza kukaa na mwanamke mpaka wazeeke, lakini kama hajapeleka mbuzi wa ntheo kwa wazazi wa mwanamke huyo, hajaoa. Sisi tulikuwa tumekaa zaidi ya miaka ishirini. Cheti cha serikali tunacho, watoto tunao, nyumba tumejenga, kanisani tunakaa benchi moja na kila mtu ananiita mama fulani. Lakini kwa baba yangu, kule Kathiani, mimi nilikuwa msichana aliyetoka kutembea na hajarudi. Kila nikienda kumwona ananiuliza habari ya mahindi, ya watoto, ya kifua chake mwenyewe kana kwamba mimi ndiye daktari, na nikiinuka kuondoka ananiuliza kwa sauti ya chini, "Na wale mbuzi?" Namwambia mwezi ujao. Nimesema mwezi ujao mpaka aibu ikaisha.

Msidhani mume wangu ni mtu mbaya. Ni mtu wa "kwanza tumalize hili." Kwanza tumalize karo. Kwanza tumalize paa la duka. Kwanza nichague kati ya petroli na dizeli.

Halafu binti yetu mkubwa akapata mchumba, kijana mpole wa Kivaa, na watu wa huyo kijana wakatuma ujumbe kwamba wanataka kuleta mbuzi wao. Hapo ndipo mambo yalipochacha. Maana wazee wa pande zote mbili walisema jambo moja, na walilisema bila kupepesa macho: baba hawezi kupokea mbuzi wa binti yake kama hajatoa wa mama wa huyo binti. Atapokea kama nani? Binti yangu alikaa kitandani kwangu akalia, akaniuliza, "Mama, kwani nyinyi hamjaoana?" Wuui. Mtoto uliyemzaa akuulize hivyo! Nilimwita baba yake palepale nikamwambia jibu wewe.

Akajibu kwa kupanga tarehe. Jumamosi hii ntheo yangu, Jumamosi inayofuata ntheo ya binti. Baba yangu alipoambiwa, aliagiza koti lake lipelekwe kwa dobi. Na kifua kile kilikuwa kimeshaanza kumkata maneno katikati, kwa hivyo hakuna aliyekuwa anazungumza tena juu ya mwezi ujao.

Sasa nirudi kwa gari, maana nalo halikutaka kuachwa nyuma.

Lilipofika, jambo la kwanza mume wangu alilofanya lilikuwa kuniomba kitambaa cheupe. Nikampa kimoja kizuri, nikidhani anataka kupangusa kioo. Jumapili baada ya misa akakusanya wanaume nyuma ya gari, akawasha injini, akakishika kitambaa changu mbele ya bomba la moshi. "Mnaona masizi? Yako wapi?" Kweli hayakuwepo. Wanaume waliozoea lori za mchanga zinazotoa moshi wa kufunika kijiji walitikisa vichwa. Akawaeleza kwamba ndani ya bomba kuna chujio linalokamata masizi yote, halafu gari likienda mbio barabara kuu, chujio linapata moto wa kutosha na masizi yanaungua yenyewe. Kumbukeni hilo neno mbio. Alilisema yeye mwenyewe kwa kinywa chake, mimi nikiwa nimesimama pale na kikapu.

Wiki hiyohiyo tulimchukua baba yangu kutoka hospitali hapa mjini. Tukafika kwenye makutano ya barabara, tukasimama kupisha magari, injini ikanyamaza kimya. Ni hiyo teknolojia yake: ukisimama, inajizima isile mafuta bure, ukiachia breki inajiwasha. Baba hakujua hayo. Kabla hatujamwahi alikuwa ameshafungua mlango, ameweka fimbo yake juu ya gari, amepanga mabega nyuma. "Limezima! Shukeni tusukume!" Mume wangu akatoa kichwa dirishani: "Baba, ni mpango wake! Halijaharibika!" Vijana wawili wa boda boda wakaacha pikipiki zao wakaja kumsaidia mzee. Wakasukuma. Barabara ikawa wazi, mume wangu akaachia breki, injini ikawaka, na wale vijana wakampigia baba yangu makofi. Mpaka leo yeye anajua kwamba ndiye aliyeliwasha lile gari. Mume wangu alinuna njia nzima, nami nikatazama nje nisije nikacheka.

Lakini mnataka kujua lililoniudhi kabisa? Kwenye dashibodi kulikuwa na namba inayoonyesha gari linakula kiasi gani, na yule mwanamume akaifanya namba ile kuwa mke wa pili. Anaendesha polepole kama anayesindikiza maiti, ili namba ishuke. Nyumbani mpaka dukani, dukani mpaka nyumbani, mwendo wa mtu kumaliza kipande cha muwa. Kanisani Jumapili. Basi. Hata siku moja hakulipeleka mbio. Injini yenye nguvu ya kukimbia mpaka Mombasa bila kuhema, yeye anaibembeleza sokoni. Na chujio lenyewe, ambalo yeye ndiye aliyetuhubiria habari zake, likawa linajaa, linajaa. Taa ya njano ikawaka. Nikamwuliza, hii nini? "Inakumbusha tu." Nikamwambia, basi kumbuka. Akasema kwanza tumalize ntheo.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliitanguliza ntheo, na ndipo ilipomtokea puani!

Ijumaa nilitangulia Kathiani na binti yangu kupika. Jumamosi, jua halijapanda sana, pikapu ya shemeji yangu ikaingia uani na wazee wa upande wao na mbuzi watatu, wazuri, weupe, wamelishwa vizuri mpaka wanang'aa. Wanawake tukapiga vigelegele. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti tangu alfajiri, koti limenyooshwa, fimbo kati ya magoti. Akatazama mbuzi, akatazama pikapu, akauliza, "Na mwenyewe?"

"Yuko nyuma yetu," shemeji akasema. Akaangalia nyuma. Barabara ilikuwa tupu.

Nikampigia. Nikasikia upepo mkali na injini ikilia.

"Uko wapi?"

"Sikiliza, mama watoto, usikasirike. Niko na taa hapa, sasa imekuwa nyekundu. Nikipanda vilima vya Kathiani hivi, injini itajinyima nguvu, nitakwama katikati. Kwa hivyo nimekata kona."

"Umekata kona wapi?"

"Nimepita Katelembo. Naingia barabara kuu ya Mombasa nikimbize kidogo, masizi yaungue, halafu nageuza nakuja."

Nilitoa simu sikioni nikaitazama. Mwanamume, siku ya ntheo yake, aliyoichelewesha miaka ishirini na zaidi, alikuwa anakimbia kwa kasi aliyoninyima tangu anunue gari, na alikuwa anakimbia kuelekea upande mwingine.

"Panda boda boda uje," nikamwambia.

"Nikilizima sasa hivi ndiyo mwisho wake!"

Nikakata simu. Ningemwambia neno ambalo binti yangu hakupaswa kulisikia.

Basi tukangoja. Mbuzi wakafungwa kwenye mparachichi. Mbuzi hawapokelewi kama mwenyewe hayupo, wazee wa kwetu walilisema hilo taratibu mara ya kwanza, na si taratibu mara ya pili. Chai ikanywewa ikaisha. Shemeji yangu akasimulia habari ya mvua ambayo kila mtu aliijua. Binti yangu alikuwa ananitazama usoni kila nikipita, na mimi najifanya nina kazi na masufuria. Baba akaanza kukohoa, kile kikohozi kirefu, nikamletea maji, nikamwambia aingie ndani alale kidogo. Akakataa. "Nikilala," akasema, "mtaniambia mwezi ujao."

Mniache niseme ukweli: pale nilimchukia mume wangu. Si kwa mchezo. Nilikaa jikoni, kisu mkononi, vitunguu mbele yangu, na nikawaza kwamba akija nitamwambia arudi na mbuzi wake na gari lake, na binti yangu atanisamehe siku moja.

Alifika saa nane imepita. Tulisikia gari likipanda kilima bila shida yoyote, laini, kama halijawahi kukosea mtu. Akaingia uani, akashuka na suti yake, jasho limemtoka, na uso wote unacheka. "Limesafika!" akatangaza. "Taa imezimika kabisa!" Wazee wakamtazama. Injini ilikuwa bado inanguruma. Akageuka kwangu akasema kwa sauti ndogo, "Naliacha dakika chache tu lipoe vizuri, si unajua..."

Nilitembea mpaka kwenye gari, nikaingiza mkono, nikabonyeza kile kidude. Likanyamaza. Mume wangu akanitazama, akaenda moja kwa moja kwa wazee. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya uamuzi mzuri siku hiyo.

Wakamkalisha mbele ya baba yangu. Mbuzi wakaletwa. Halafu nikaitwa, maana ndivyo inavyofanywa: msichana anaulizwa mbele ya watu wote, na bila neno lake hakuna mbuzi anayeguswa. Nikasimama pale na aproni yangu, mwanamke mwenye mvi, mama wa mtu anayetaka kuolewa.

Baba akavuta pumzi. "Mwiitu wakwa, binti yangu. Watu hawa wameleta mbuzi. Tupokee?"

Nikawatazama kwanza. Binti yangu alikuwa ameshika mkono wa shangazi yake. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Pokeeni," nikasema mwishowe. "Lakini kwa ajili yako, Baba. Na kwa ajili ya huyu mtoto. Si kwa ajili yake."

Wazee wakaguna. Nilidhani baba angeshukuru na kuinua fimbo, yaishe. Mtu aliyewangoja mbuzi hao miaka yote ile, na kifua kile. Badala yake akamgeukia shemeji yangu.

"Wafungeni kwenye pikapu," akasema. "Warudi kwao."

"Baba!"

"Mimi sikuuliza kama nawataka. Mimi nawataka sana." Akakohoa, akangoja kipite. "Sichukui mbuzi wa mtu ambaye binti yangu hamtaki. Hata nikifa kesho. Nakuuliza mara ya pili, na sitakuuliza ya tatu, pumzi sina. Tupokee?"

Shemeji alikuwa ameshaishika kamba. Binti yangu alikuwa analia bila sauti. Nikamtazama yule mwanamume wa dizeli. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hata hayafuti, mikono iko juu ya magoti, anangoja. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yananiwaka. Na nikaona, palepale mbele ya watu wote, kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kunikasirisha hivi, kwa sababu hakuna mtu mwingine niliyewahi kumngoja.

"Ni yeye," nikamwambia baba. "Namtaka yeye. Pokeeni haraka, kabla hajaniudhi tena."