Jenerali wa Shingo Moja

Hamdiya binti Hamoud alikuwa anaamka amechoka. Kwa miaka thelathini alikuwa akitarizi kasabu kwenye majoho ya maharusi, uzi ule wa fedha uliopakwa dhahabu, mwembamba kama unywele, na sasa macho yalikuwa yamegoma. Kila asubuhi jirani yake Eufrazia, mke wa fundi wa reli, alimtungia sindano ishirini akazichomeka kwenye mto, na wote wawili hawakumwambia mtu. Walikuwa na sababu ya kunyamaza. Hilal, mdogo wake Hamdiya, alikuwa ameandika kutoka Kilwa kwamba baada ya Idi anakuja Temeke kuangalia kama dada yake bado anaona. Kama haoni, nyumba inafungwa, anakwenda kukaa chini ya Bahiya, mke wa Hilal, mwanamke anayeweza kukuuliza kwa nini umekunywa maji mara mbili.

Siku kumi kabla ya Idi aliingia Mfaume, mpagazi wa bandarini, mtu mzima mwenye kifua cha kubebea magunia.

"Shikamoo Bi Hamdiya."

"Marahaba. Kaa pembeni, usinizibie mwanga."

Mfaume akafungua leso. Ndani mlikuwa na kipande cha sufu nyekundu, kirefu kama kidole, kimetariziwa majani ya dhahabu yaliyojikunja. Ni beji ya kola ya jenerali wa Kijerumani. Wakati wa Vita vya Pili Mfaume alikuwa Misri akibeba makasha ya jeshi, na jenerali mmoja aliyetekwa alimbandulia kwa pakiti mbili za sigara. Ya upande wa pili aliichukua sajini wa Kiingereza. Sasa beni ya Temeke, ngoma ya kuigiza gwaride la jeshi yenye vyeo vyake, kapteni, daktari na wengine, ilikuwa inampandisha Mfaume cheo siku ya Idi, awe jenerali wao.

"Wale wa beni ya Ilala wamekwisha pata habari," alisema. "Wananiita jenerali wa shingo moja. Wanasema upande huu jenerali, upande huu mpagazi."

"Si wamesema kweli?"

"Ndiyo maana nimekuja, Bi Hamdiya. Nitilie ya pili."

Kazi ile ilimchukua siku nne. Alitumia kasabu aliyobakiza kwenye joho la mwisho, akaufuata kila ukunjo wa jani kwa ncha ya kidole kwa sababu jicho lilikuwa linapotea njiani. Mfaume aliporudi, aliziweka beji mbili pamoja mlangoni, akajikuna shingo.

"Samahani, lakini yako imefifia. Ya Mjerumani inawaka."

Hamdiya aliichukua ile ya Mjerumani akaipapasa. Ilikuwa kavu, nyepesi kama ganda la kitunguu. Akaigeuza, akavuta uzi mmoja wa nyuma, akauwashia kiberiti. Ukasinyaa ukawa jivu. Akauchoma na wake. Huo uliingia weusi tu; alipoufuta kwa kanga, ukabaki waya wa fedha.

"Karatasi," alisema. "Karatasi ya kung'aa, imezungushiwa uzi wa pamba."

Mfaume alikaa chini. "Kwa hiyo yule mzee alinilaghai."

"Wala. Yeye mwenyewe alilaghaiwa na serikali yake. Vita imekula dhahabu, wakubwa wakavishwa karatasi. Nawe ukampa sigara. Mmepeana karatasi kwa karatasi."

Mfaume hakucheka. "Lakini watu hawaji ngomani na kiberiti, Bi Hamdiya. Watatazama tu. Watasema hii yako ndiyo ya bandia. Watasema Bi Hamdiya haoni tena."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Maneno hayo yangemfikia Hilal kabla hajashusha mzigo. Hamdiya alikuwa amewafukuza mlangoni akina mama wangapi, waliomletea uzi wa bandia wakitaka joho la rahisi? Alikaa akitazama mikono yake. Kisha akajifunga buibui, akaenda kwa Shirinbai dukani, akanunua uzi wa kung'aa wanaosukia mashada ya harusi, uzi mnene wa kitoto, usiong'oa macho. Adhana ya alasiri ilimkuta amemaliza beji mpya.

Siku ya Idi Mfaume alicheza na shingo zake mbili, na hakuna aliyeweza kujua ipi ya Mjerumani. Kesho yake alikuja kapteni wa beni, kisha daktari wao, kisha wale wa Ilala wenyewe, wakijifanya wanapita tu, kumbe kila mmoja anataka beji.

Hilal alimkuta dada yake katikati ya vipande vyekundu, sindano inakwenda.

"Dada, kumbe unaona."

"Nani kakwambia sioni?"

Akaokota beji moja, akaigeuza kwenye mwanga. "Mashallah. Dhahabu tupu."

Hamdiya akaipokea beji, akaiweka pamoja na nyingine. Alimwandalia chakula, akamsikiliza habari za Bahiya, na keshokutwa yake akamsindikiza hadi barabarani, Hilal akarudi Kilwa peke yake. Nyumba ilikuwa ya Hamdiya tena. Aliingia ndani, akajinyoosha mkekani bila kuvua buibui, na kapteni akabisha hodi kuuliza ya kwake imefika wapi.

"Njoo kesho," alijibu, amefumba macho. "Hii kazi hailali, lakini mie nalala."