Tope la Ukingoni

Niliporudi kwetu Juba, Sudan Kusini, baada ya mkataba wa amani uliomaliza vita, nilikuwa mtu mzima mwenye lafudhi ya Malindi. Nilikulia Kenya, na masomo yangu yote yalikuwa ya tope. Chuoni tulikuwa tukipima maji pale mto Sabaki unapoingia baharini. Bahari ikijaa, maji hurudishwa mtoni na kulitibua tope la chini. Yakitulia kidogo kabla ya kupwa, tope hutua. Yakianza kupwa, mto hulichukua tena.

Juba niliajiriwa katika kituo cha kusafisha maji, ukingoni mwa Nile. Kila iliponyesha mvua kubwa, bomba letu lilivuta maji mazito kama uji wa wimbi, na machujio yakaziba. Tuliongeza shabu ya kugandisha tope, lakini tope lilizidi.

Nikamwomba mkuu wetu, mhandisi aliyesomea Khartoum, ambaye kwa heshima tulimwita Bashmuhandis, anipe boti nikaupime mto.

"Binti yangu," akasema, "huko kwenu kuna bahari. Hapa maji yanakwenda upande mmoja tu."

"Ni kweli, Bashmuhandis. Lakini tope hufuata kasi ya maji, bahari iwepo isiwepo. Maji yakienda mbio hulibeba, yakipoa huliangusha. Nataka kujua letu linapita wapi."

Akacheka. Boti nikapata.

Asubuhi moja baada ya mvua tuliingia mtoni, mimi na mwenzangu wa maabara, Mkenya aliyekuwa akiogopa maji lakini akakataa kubaki. Tulivuka polepole, tukizamisha chupa zilizofungwa mawe, moja juujuu, nyingine karibu na chini. Mwenzangu alizipanga kwenye ubao wa boti, akazikodolea macho.

"Dada, hii ni kama mito miwili!"

Ndivyo ilivyokuwa. Juu kidogo ya kituo, khor moja, mfereji wa maji ya mvua kutoka mjini, ilikuwa ikimwaga tope lake mtoni. Tope hilo halikuchanganyika upesi. Liliambaa na ukingo wetu hadi mdomoni mwa bomba. Mbali na ukingo, kuelekea katikati ya mto, maji ya juu yalikuwa mepesi, na mchanga ulijiburuta chini.

Mkuu aliziangalia zile chupa. Kisha akaagiza mafundi waletwe. Bomba likarefushwa hadi ng'ambo ya lile tope, na mdomo wake ukainuliwa kutoka sakafu ya mto.

Mvua kubwa iliyofuata ilitukuta sote tumesimama kando ya pampu, tumelowa. Maji yakaja. Hayakuwa meupe, lakini machujio yaliyamudu mpaka jioni. Mkuu akanishika bega mbele ya mafundi wote. "Kazi hii ni ya binti yetu," akasema.

Nyumbani, mtaa wa Hai Malakal, mama yangu alikuwa amezoea kuyaacha maji ya bomba kwenye pipa mpaka yatuame. Safari hii alikinga glasi bombani moja kwa moja, akaiinua kwenye jua majirani waone.

"De moya ta biniya tai," akawaambia kwa Kiarabu cha Juba. Haya ni maji ya binti yangu.

"Mama, ni maji ya mto."

"Wewe nyamaza," akasema, akanywa yote, kisha akamkingia jirani.