Namba ya Kipanya

Kila asubuhi kabla ya wateja, fundi wa kompyuta dukani kwa Naushad, pale Pasiansi, hufungua mfumo wa Linux, huandika kwa mkono wa kushoto amri ya kuongeza kasi ya kipanya, kisha hucheza mchezo wa kudungua ndege. Mkono wa kulia hulala juu ya kipanya, hauonekani kusogea. Januari aliweka namba mbili, Pasaka nne, sasa ni tisa. Hakosi ndege hata moja. Kupeana mikono ameacha; huitikia salamu kwa mdomo tu, macho kwenye skrini.

“Fundi, tisa yote ya nini?” Naushad alimuuliza jana.

“Mchezo unataka mwendo, bosi.”

Leo fundi alipotoka kidogo, Naushad alikaa akakishika kile kipanya. Alikisogeza kiasi cha punje ya mchele, mshale ukaruka hadi ukingoni mwa skrini. Akajaribu tena, polepole zaidi. Ukaruka tena. Akautazama mkono wake mwenyewe, akaondoka kitini.

“Umeshusha namba, bosi?” fundi aliuliza aliporudi.

“Sijagusa kitu.”

Fundi akaubeba mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza juu ya kipanya, akangoja. Mshale haukusogea.

“Basi tuweke kumi,” akasema.