Kidude Cheupe na Kwaya ya Mama Mkwe

Tangu nirudi Uvira na diploma yangu ya elektroniki, hakuna mtu mtaani kwetu anayenunua kitu chenye waya bila kuniuliza kwanza. Sisemi hivi kwa kujisifu, ndivyo ilivyo. Diploma hiyo niliipata Dar es Salaam bila mjomba wa kunisaidia wala mfadhili: mchana nikitengeneza feni za watu, jioni nikikimbilia darasani na mikono bado ina grisi. Wenzangu walirudi na suti. Mimi nilirudi na elimu, pamoja na suti.

Kwa hiyo mke wangu aliponiambia kwamba mama yake anakuja kutoka Runingu, na kwamba kwaya yao ya akina mama itaonyeshwa kwenye televisheni Jumapili saa tisa, sikumngoja amalize.

"Ataiona," nilimwambia. "Na si kuiona tu. Nitainasa, niitie ndani ya kompyuta, aitazame mpaka achoke."

Mama mkwe wangu ameimba kwaya tangu usichana wake na hajawahi kujiona akiimba. Watu wa kituo kidogo cha televisheni cha hapa Uvira, kile chenye mnara mlimani nyuma ya mji, walifika Runingu na kamera yao, wakarekodi wimbo mmoja, wakaondoka. Kwa simu mama alimwambia binti yake maneno ambayo mke wangu alinirudia yote: "Mutoto wangu, nataka nijione mara moja tu. Bantu banasema nafungua kinywa muzuri. Nataka nijue kama ni kweli ama bananicheka."

Hapa lazima nieleze jambo. Katika ukoo wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawasemeshani uso kwa uso. Hawakai chumba kimoja, hawaonani wakila, na zaidi ya yote, mkwe hawezi kuwa juu ya kichwa cha mama mkwe. Ukipanda juu ya nyumba yeye akiwa ndani, ni kama umemkanyaga. Wengi siku hizi wamelegeza mambo haya, hasa watu wa kanisa. Mama mkwe wangu ni mtu wa kanisa kabisa, na hajalegeza hata moja.

Sasa ona tatizo lilivyokuwa. Skrini iko sebuleni. Mama atakaa sebuleni. Nani ataendesha mitambo? Mke wangu hugusa rimoti kama anagusa mamba. Dekoda ya kawaida ina rimoti ambayo lazima uielekeze kwenye dekoda yenyewe, maana yake ningesimama sebuleni mbele ya mama mkwe. Haiwezekani. Lakini kompyuta yenye kibodi isiyo na waya, hiyo unaibonyeza hata ukiwa nyuma ya ukuta. Ningekaa jikoni, mama angekaa sebuleni, na heshima ingebaki mahali pake. Sidhani kama kuna mtu mwingine kati ya hapa na Bujumbura aliyewahi kufikiri kwa kina namna hii.

Kompyuta nilikuwa nayo, nimeiunda mwenyewe. Kilichokosekana ni kile kidude kinachochomekwa ubavuni mwake ili ishike matangazo ya televisheni, ambacho hapa kwetu wanakiita clé. Nikashuka mtaa wa Mulongwe, kwa mzee mmoja Mwislamu ambaye ukoo wake umefanya biashara kando ya ziwa hili lililo mbele ya mji wetu tangu enzi za mababu zake. Siku hizi anauza redio, betri na kila kinachowaka taa.

"Karibu, fundi mukubwa," alisema, akirekebisha kofia yake. "Leo iko unatufundisha nini?"

Nilimweleza. Akapanga vidude vitatu juu ya kioo cha meza. Cha kwanza kilikuwa cha dijitali ya mwanzo, isiyoelewa matangazo ya leo. Nilikigeuza nyuma, nikasoma, nikakirudisha. Cha pili kilikuwa cheusi, kirefu kama kidole cha kati. Cha tatu kilikuwa cheupe, kizuri, dijitali tupu ya kizazi kipya, chenye vipokezi viwili ndani, ili utazame chaneli moja huku unarekodi nyingine.

"Beba hii nyeusi," mzee alisema. "Iko inashika ya zamani na ya sasa, yote."

"Ya zamani ya nini, mzee? Dunia yote imehamia dijitali."

"Dunia yote, sawa. Na Uvira?"

"Uvira iko ndani ya dunia."

Wateja wawili waliokuwa wakichagua tochi wakacheka. Mzee hakucheka.

"Weye nakujua," alisema. "Hata pakiti ya chumvi unasomaka maandishi ya nyuma. Minye sina diplome, minye niko na duka tu. Lakini nakuambia, beba nyeusi."

"Kidude cha kazi mbili hufanya kila kazi nusu," nilimjibu, na wale wa tochi wakanitazama kwa heshima. Nikachukua cheupe.

Jumamosi asubuhi, mama akiwa bado njiani, nilisimamisha antena juu ya mlingoti na kuielekeza ng'ambo ya ziwa, Bujumbura. Nikachomeka kidude, nikaamuru mashine itafute. Chaneli za Burundi ziliingia moja baada ya nyingine, safi, unaweza kuhesabu vifungo vya koti la msoma habari. Mke wangu aliita majirani. Jirani yetu, mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Na ile ya kwetu ya ku mulima?" aliuliza.

"Hawajawasha mitambo," nilimwambia. "Asubuhi hawawashi."

Hilo lilikuwa kweli. Kituo chetu huanza mchana, jenereta yao ikikubali. Sikuona sababu ya kuhangaika. Kesho kitajitokeza chenyewe kwenye orodha, nilijiambia, nikaenda kuoga.

Jumapili baada ya chakula mama mkwe alitoka chumbani amevaa sare ya kwaya. Kitenge cha sare, kilemba cha sare, hata kitambaa cha kushika mkononi. Aliketi mbele ya skrini, mgongo wima, kama anayengoja kiongozi wa kwaya atoe sauti. Mimi nilikuwa jikoni na kibodi mapajani, nikiiona skrini tu kwa pembe kupitia mlangoni. Mke wangu alisimama katikati, mlangoni, kwa sababu ndiye aliyekuwa njia ya maneno yetu.

Saa nane na nusu nikaamuru mashine itafute upya. Bujumbura ikaja. Kituo chetu hakikuja. Nikatafuta tena.

"Muulize mukwe wangu kama tayari," sauti ya mama ilipita ukuta bila shida yoyote.

"Mama anauliza kama tayari."

"Mwambie bado kidogo, mashine inapekua."

"Mama, anasema bado kidogo, mashini iko inapekua."

"Nimesikia. Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

Ilipofika saa tisa kasoro dakika kumi, akili yangu ilifikia uamuzi ambao fundi yeyote aliyesoma angeufikia: antena inatazama Burundi, mnara uko mlimani, basi antena igeuzwe. Lakini antena ilikuwa juu ya nyumba, na mama mkwe alikuwa chini ya paa hilo.

"Mwombe mama atoke nje kidogo," nilimnong'oneza mke wangu. "Nataka kupanda."

"Apande yulu ya manjanja?" mama alisema kabla hajaambiwa. "Na minye niko ndani?" Nikasikia kiti kikivutwa. Aliondoka nacho haraka, kama nyumba inaungua.

Nikapanda ngazi. Manjanja, yaani bati, saa tisa mchana ni kikaango, na nilikuwa nimesahau viatu. Nikawa nanyanyua mguu huu, nashusha huu, huku nimeshika mlingoti.

"Mwambie mukwe wangu si wakati ya kucheza," sauti ya mama ilisema kutoka chini.

Nikachungulia. Uani kwetu, saa ile, kivuli kipo mahali pamoja tu: chini ya ukuta, pale ngazi inaposimama. Mama alikuwa ameweka kiti hapo hapo, mgongo kwenye ngazi, kilemba chake kikigusa kidato cha tatu. Sikuweza kushuka. Ningeshukia juu ya kichwa chake.

Nikageuza antena kuelekea mlimani. Mnara ulikuwa karibu kiasi kwamba niliona rangi yake iliyobambuka.

"Sasa?" nilimpigia kelele mke wangu aliyekuwa ndani akitazama skrini.

"Hakuna!"

"Na sasa?"

"Hakuna! Hata ba Burundi bameenda!"

Nilitoa simu mfukoni, nikafungua dira yake, nikapima pembe. Kila kitu kilikuwa sahihi. Nilikuwa sahihi pande zote, na skrini ilikuwa tupu. Ndipo nikasikia ngoma.

Zilitoka kwa jirani muuza ndagala. Ana televisheni ile ya kale yenye kitako kikubwa, na huiweka kizingitini ikitazama uani, ili atazame huku akigeuza ndagala zake juani. Antena yake ni waya wa kutundikia shati. Kutoka juu nilikokuwa, niliiona skrini yake yote. Mistari ya akina mama wenye sare. Juu ya picha, chenga nyingi, kama mtu amemwaga unga.

Dijitali haina chenga. Dijitali ama ipo ama haipo. Nilipoziona zile chenga nilielewa papo hapo kwamba kituo chetu bado kinatangaza kwa njia ya zamani, ambayo kidude changu cheupe hakiijui kabisa. Mtu asiye na diploma angehitaji wiki nzima kuligundua jambo hilo. Mimi nililigundua kwa kutupa jicho.

"Analogi!" nilipaza sauti.

"Mwambie anyamaze," mama alisema chini. "Nasikia wimbo yetu."

"Mama wa Runingu!" jirani aliita. "Kimbia! Muko mu televizyo!"

Mama mkwe alikunja kitenge na kukimbia. Sikujua kwamba anaweza kukimbia. Mke wangu alimfuata. Ngazi ikabaki wazi, lakini ya nini? Nisingeweza kwenda kuketi naye uani kwa jirani. Simu ilikuwa bado mkononi. Nikaibadilisha kutoka dira kuwa kamera, nikalala kifudifudi juu ya bati lile la moto, nikavuta picha karibu, nikaanza kunasa.

Mama alikuwa mstari wa pili. Mbele yake kamera ilikuwa imeweka mwanamke mpana mwenye kilemba kirefu kama mkate wa sherehe. Mwanamke huyo alipoyumba kulia, mama alionekana. Alipoyumba kushoto, mama alipotea.

"Ni minye! Ni minye huyu!" mama alilia. Kisha: "Amenifunika! Toka, weye!" Akainamisha kichwa pembeni ili aone nyuma ya yule mwanamke, akasogea mpaka karibu aingie nyuma ya televisheni. Jirani alicheka mpaka akakalia ndagala.

Wimbo ukaisha. Likaja tangazo la sabuni.

"Rudilisha," mama alisema.

"Mama, hii haina kurudilisha. Ni televizyo."

Mama aligonga kioo kwa kidole, juu ya ile sabuni. "Nimejiona nusu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Na hata hiyo nusu, nilikuwa niko napiga kelele. Kinywa sikuiona."

Sikujizuia. "Mama, ninayo!" nilimwita kutoka juu ya bati. "Ninayo yote!"

Mke wangu alijifunika mdomo. Nilikuwa nimemsemesha mama mkwe moja kwa moja, tena kutoka juu ya nyumba, tena nimelala kifudifudi. Mama aligeuka akautazama ukuta wa jirani.

"Mwambie mukwe wangu nimesikia," aliuambia ukuta. "Na ashuke, ataungua."

Baada ya saa moja filamu ilikuwa ndani ya kompyuta, kama nilivyoahidi. Inatikisika kidogo, na mahali fulani mkono wa jirani unapita ukigeuza samaki, na mwishoni sauti yangu inasikika ikisema "Mama, ninayo". Lakini imo. Mama alirudi kwenye kiti chake sebuleni, mimi jikoni na kibodi, tukaitazama mara kumi na moja. Mara ya nne nilijifunza kuisimamisha pale pale mwanamke wa mbele anapoyumba kulia. Nikasikia mama anavuta kiti karibu na ile picha iliyosimama.

"Kinywa nafungua muzuri," alisema.

"Mama anasema kinywa anafungua muzuri."

"Mwambie vizuri kabisa," nilijibu.

Yule mzee wa Mulongwe anasema nilikosea kuchagua. Nimemweleza kwamba chaguo langu lilikuwa sahihi, ila mlima umechelewa. Kituo kikihamia dijitali, kidude changu kitakuwa tayari kinakingoja.

Tatizo lililobaki ni dogo. Jioni ile ile, kabla ya kulala, mama alimwita mke wangu.

"Mwambie mukwe wangu, kwa sababu alisoma, amutoe huyu mwanamuke wa mbele."

"Mwambie siku mbili," nilijibu, maana sijawahi kusema kazi fulani imenishinda.

Leo ni siku ya tisa. Mama amesema hawezi kurudi Runingu bila kuiona kazi imekwisha, kwa hiyo bado yupo sebuleni, na mimi bado nakula jikoni. Kazi inakwenda vizuri. Kilemba nimekwisha kukiondoa. Yamebaki mabega.