Njia ya Mbuzi wa Falis

Maganda yako ya ndizi unamtupia nani? Usiseme unatupa tu. Kama unakaa upande wetu wa mashariki wa jiji, kati ya Ziwani na Eastleigh, yupo mtu anayeyapokea kila siku, na huenda hujawahi hata kumuuliza jina.

Anaitwa Falis Dubow. Ni mama wa Kisomali, mrefu, mwembamba, mwenye shungi la kahawia na fimbo asiyoitumia kumpiga yeyote. Ana mbuzi kama thelathini. Hana shamba wala malisho. Malisho yake ni sisi.

Watu wakisikia neno bonde hufikiria Bonde la Ufa, na miaka hii wakilifikiria wanafikiria nyumba zilizochomwa. Lakini sisi pia tuna bonde letu. Ukisimama Ziwani utaona ardhi ikiteremka kupitia Kariokor hadi Gikomba, ambako Mto Nairobi unapita polepole, mweusi kama chai ya turungi. Kutoka mtoni inapanda tena hadi Majengo na Pumwani, halafu kana kwamba imechoka inajilaza tambarare kuelekea Eastleigh. Mbuzi wa Falis hulizunguka bonde hilo lote kila siku ya Mungu, na yeye nyuma yao, akipiga ulimi na kuita, "Hoi! Hoi!" kwa sauti ambayo watoto wote wa Majengo wanajua kuiiga.

Yeye anatutambua kwa maganda. Kwetu Ziwani, ambako wengi ni Waluhya tuliotoka magharibi, mbuzi hupata mabua ya sukuma wiki na maganda ya ndizi za kupika. Waswahili wa Majengo huwapa maganda ya mihogo na maembe. Ukikuta rundo la maganda ya mbaazi mlangoni, hapo pana Mkamba. Siku moja nilimuuliza Eastleigh kwao mbuzi wanapata nini. Akanitazama kwa huruma.

"Sisi tunakula nyama na anjera," akasema. "Mbuzi wale nini hapo? Mifupa ya ndugu zao?"

Alizaliwa Isiolo. Mume wake alikuwa dereva wa lori la kwenda Mandera, na alipofariki jamaa walimshauri Falis auze nguo kwenye duka dogo huko Eastleigh. Akajaribu. Akasema hawezi kukaa kwenye chumba kisicho na dirisha akingoja watu waje kushika shika vitambaa bila kumwangalia usoni. Akaliacha duka, akanunua mbuzi wawili, akatoka nje. Tangu hapo hajaingia ndani, isipokuwa kuswali na kulala.

Mwaka 1992 wanasiasa walizunguka nchi hii wakituambia kwamba kabila hili haliwezi kukaa na lile. Nilikuwa chuoni, nikawaandikia majibu makali kwenye kuta za bweni. Siku hizi sihangaiki na kuta. Mtu akinianzia maneno hayo namsimulia habari za Falis na mbuzi watatu wa Job Masinde, habari za mwaka jana, 1995.

Job ni jirani yangu Ziwani. Anafanya kazi katika kiwanda kimoja cha biskuti huko Industrial Area, upande wa kufunga katoni. Alimpenda Mwongeli, binti wa Mzee Munyoki, mchonga vinyago wa Majengo, na Mwongeli akampenda. Sasa, kwa Wakamba msichana hahesabiwi kuwa ameolewa mpaka mbuzi watatu wa ntheo wafike kwao. Ukilipa kingine chochote, hata ukileta trekta, bila mbuzi hao bado unatembea na binti wa watu tu.

Job hakwenda mbali. Alinunua mbuzi wake kwa Falis, kwa sababu aliwaona kila siku na aliwajua kwa sura.

Mama yake, Selpher, alimcheka. "Wewe mtu wa kuku, mbuzi umewajulia wapi?"

"Mathe, mbuzi ni mbuzi. Ukishamnunua ni wako."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Tulifika Majengo Jumamosi mchana, akina mama wa Ziwani wakiimba mbele, mimi na Job nyuma tukiwavuta mbuzi. Ua wa Mzee Munyoki ulikuwa umefagiwa, vinyago vya twiga ambavyo havijamalizika vimesukumwa ukutani, vumbi la mti wa mpingo bado likinukia. Kwenye kiti cha mbele alikaa Mzee Kyule, kaka mkubwa wa Munyoki, aliyesafiri kutoka Mwingi kwa ajili ya siku hiyo. Neno la mwisho lilikuwa lake, na kesho yake asubuhi alikuwa anarudi na basi. Kama mambo yasingemalizika jioni hiyo, yangengoja mpaka Disemba. Job alijua. Alikuwa anatokwa na jasho kwenye shati la mikono mirefu alilokopa kwangu.

Akawafunga mbuzi kwenye nguzo ya jikoni, sisi tukaingia kwenye maombi na hotuba. Bila shaka unajua hotuba zetu. Selpher alieleza ukoo wao tangu mlima Elgon. Mzee Munyoki akaeleza wake tangu mti aina ya mpingo ulipoumbwa. Katikati ya hayo nilisikia, kwa mbali, upande wa kichochoro, "Hoi! Hoi!" Sikutilia maanani. Ni saa ambayo Falis hupita akirudi kwake.

Mzee Kyule akainuka, akajifuta mikono. "Basi tuonyeshwe hao mbuzi."

Tukaenda nyuma. Kwenye nguzo zilikuwepo kamba tatu, zimenyooka vizuri, hazikukatika mahali popote. Mbuzi hawakuwepo.

Nilimtazama Job, naye akaitazama mikono yake. Alikuwa amewafunga shingoni kwa fundo la kiwandani, lile la katoni, ambalo mwenye duka akivuta ncha moja tu linafunguka lote. Mbuzi waliposikia sauti ya mama yao Falis, walivuta ncha moja tu.

"Maze," akaninong'oneza, "nimekwisha."

Mzee Kyule alishika kamba moja, akaizungusha mkononi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililotutia hofu. "Nimehudhuria ntheo nyingi," akasema. "Nimeona mbuzi wagonjwa. Nimeona mbuzi wa kuazima. Hii ya mbuzi kuja, kusalimia watu na kuondoka, sijaiona. Nikifika Mwingi niwaambie nini? Kwamba mbuzi wenyewe wameikataa nyumba?"

"Kaka, ni fundo tu," Mzee Munyoki akasema kwa sauti ya chini.

"Fundo la nani? La huyu anayetaka kumfunga binti yetu?"

Akina mama wa Majengo walicheka kwa nguvu hata mmoja akashika ukuta. Lakini Mzee Kyule alikuwa amekwisha kurudi kwenye kiti chake, na alikaa namna ya mtu anayesubiri kuaga.

Mimi na Job tukatoka mbio. Tulipita Pumwani tukirukia mitaro, watu wakituuliza mwizi yuko wapi watusaidie kumkimbiza. Tukamkuta Falis karibu na barabara ya kuingia Eastleigh, amesimama, anawatazama mbuzi wake kama mwalimu anayetazama darasa lenye wanafunzi wa shule nyingine.

"Bwana arusi," akamwambia Job. "Hawa watatu niliwauza. Mbona wamenifuata?"

Job akaeleza, akihema. Falis hakumwacha amalize. Akamwita kijana wa jirani akae na kundi, akageuka, akapiga ulimi mara mbili. Mbuzi watatu wakamfuata kurudi Majengo bila kamba, wametulia kama watu wanaotoka kanisani.

Tulipoingia uani alimsalimia kila mtu, akaombwa kuketi, akaketi chini kwenye mkeka wa akina mama. Mbuzi wakalala miguuni pake pale pale.

"Mama," Mzee Kyule akasema, "tunashukuru umeleta. Lakini ukiinuka, si wataondoka tena?"

"Wataondoka."

Job akafumba macho.

"Basi huoni wamekataa nyumba hii?"

Falis akanywa chai kwanza. "Mzee wangu, mbuzi hajakataa nyumba. Hajaambiwa kwamba amehama. Mimi nililetwa Eastleigh kuolewa, sikujua mtu, sikujua njia. Kila alasiri nilifunga kifurushi changu, nikaenda stendi kungoja lori la Isiolo. Kila alasiri mama mkwe alikuja kunichukua. Hakunifunga kamba, wallahi. Alinishika mkono akanizungusha nyumba kwa nyumba, huyu fulani, huyu fulani, hapa maji, hapa chumvi, mpaka siku moja nikaenda stendi nikaona sijui nangoja nini. Mimi nilitoroka mara nyingi kuliko hawa mbuzi. Na niko hapa."

Mwongeli alikuwa amesimama mlangoni na shangazi zake, kichwa kimeinama kama anavyotakiwa bibi arusi. Akakiinua.

"Baba mkubwa, naweza kusema?"

"Umeshaanza."

"Mimi si mbuzi. Njia ya Ziwani naijua hata macho yakifumbwa."

"Tumeisikia hiyo!" mama mmoja akapiga kelele. "Umeijulia wapi, we Mwongeli?"

Vicheko vilipasuka hata twiga mmoja akaanguka ukutani. Selpher alikuwa anajipangusa machozi kwa pindo la leso. Nilimwona Mzee Kyule akijaribu kuukaza uso wake, lakini masharubu yalimsaliti.

"Na wewe," akamwambia Falis, "dawa yake ni nini?"

"Mwenye nyumba atembee nao. Siku chache tu. Apite nami bondeni, waisikie sauti yake, halafu jioni yeye awarudishe hapa. Wawili wa kufuga wataelewa. Huyu wa tatu hana haja ya kuelewa, mnamchinja leo."

Mzee Munyoki akasema yuko tayari. Mzee Kyule akaipima fimbo yake mkononi, akaipiga chini mara moja, na akina mama wa Ziwani, ambao hawakuhitaji kufasiriwa, wakaachia vigelegele.

Job akakaa chini kwenye vumbi la mpingo. Shati langu lote likawa jeusi. Sikumdai.

Lilibaki neno moja. Kisu kilipoletwa, Falis aliinuka kuaga.

"Unakwenda wapi?" Mzee Munyoki akauliza. "Umeiokoa ntheo ya binti yangu, halafu huli?"

"Nyama mtakayochinja nyinyi sitaweza, ndugu yangu. Unajua."

"Basi aitwe Jama."

Jama ndiye mwenye bucha nyumba ya tatu kutoka pale, naye huchinja kwa kufuata dini yake. Mzee Kyule akashtuka. "Ntheo yetu ichinjwe na Mwislamu?"

"Kaka, mimi nakaa Majengo. Nyama yote ninayonunua ni ya Jama. Ile uliyokula juzi ukaomba tena supu, ni ya nani?"

Mzee Kyule akafikiri. "Ile supu," akasema, "ilikuwa nzuri."

Jama akaja na aproni yake, akamwita bibi arusi ampe mkono wa heri, kisha akafanya kazi yake huku mzee wa Mwingi amesimama kando akimwelekeza sehemu za kutenga kwa desturi yao. Bega moja la mbuzi likawekwa upande, ini likawekwa upande. Selpher alisonga ugali mkubwa kiasi cha kuhitaji wanaume wawili kuushusha. Tulikula pamoja, Waluhya, Wakamba, Waswahili wa nyumba za jirani na Msomali mmoja kwenye mkeka, na nilitamani wale wanasiasa wa 1992 wangepita kwenye kichochoro kile wasikie harufu tu, wasipewe hata mfupa.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumapili. Mzee Kyule alikuwa ameshapanda basi lake. Mimi nilikuwa nje ya nyumba yetu Ziwani nikipiga mswaki, nikasikia "Hoi! Hoi!", halafu baada yake sauti nyingine, nzito, ya mtu asiyezoea, "Hoi... hoi." Kundi likatokea kwenye kona. Nyuma yake alikuwa Falis, na kando yake Mzee Munyoki, amevaa koti la kanisani na viatu vilivyong'aa kwa juu na vyenye matope kwa chini. Miaka yote aliyoishi ng'ambo ile alikuwa hajakanyaga Ziwani.

"Niaje, buda!" vijana wa kwetu wakamsalimia. Akawainulia kofia.

Walipofika usawa wa nyumba ya akina Job, Selpher alifungua mlango, kitambaa cha usingizi bado kichwani. Alimwona mkwe wake mpya, akauvuta mlango nusu kwa aibu, kisha akaufungua wote.

"Karibu ndani, baba."

"Sikuja kukaa, mama. Natembeza hawa tu."

Mmoja wa wale mbuzi wawili hakungoja wamalize. Akapanda kizingiti, akaingia sebuleni kwa Selpher. Mzee Munyoki akamwita mara moja, akamwita mara ya pili, akavua kofia, akaingia kumfuata.