Muziki Uliobaki Baada ya Papa

Juzi, hapa Goma, nilikuwa nachambua maharage mwanangu alipofungulia muziki kwenye simu, nikaacha kuchambua. Ngoma kavu isiyopigwa na mkono wa mtu, na juu yake kinanda cha umeme chenye sauti nyembamba. Akanieleza kwa madaha kwamba ni Wajapani wa zamani, waliotengeneza nyimbo kwa mashine tupu, na kwamba vijana weusi wa New York waliyapenda mapigo hayo, wakayachanganya na funki, muziki wao wa kucheza, ndipo ikazaliwa elektro-funki. Sikumwambia kwamba muziki huo niliujua kabla yake, kwetu Masisi, na kwamba ulikuwa unaniogopesha.

Nilikuwa na miaka tisa. Papa, baba yetu, alikuwa ameenda Walikale kutafuta kazi machimboni, na kwetu asiyejua kuandika alituma kaseti. Yake ililetwa na dereva wa lori kutoka Mubi, huko huko Walikale. Ilikuwa kaseti ya dukani yenye maandishi ya Kijapani, na papa alikuwa ameziba vitundu vyake kwa karatasi iliyotafunwa ili arekodi sauti yake juu ya muziki.

“Mama Furaha, niko muzima,” alisema. “Ambia Furaha na Bahati basome. Mukimaliza kuvuna maharage, nitakuwa nimefika.”

Kisha kitufe kikalia, na ule muziki ukarudi kuanzia katikati, ukamfunika.

Mavuno yalipita, na mengine. Papa hakuonekana wala hakutuma neno. Kila Jumapili baada ya misa, mama alianika betri za redio juani zipate nguvu kidogo, akaweka kaseti. Sauti ya papa ilikwisha upesi, lakini mama hakuzima. Alisikiliza muziki mpaka mwisho, akageuza upande wa pili, ambao papa hakuugusa kabisa, akausikiliza wote.

Msinicheke: niliamini papa yumo ndani ya zile mashine, anatembea mahali pasipo na mtu wa kumjibu. Ili nisilie, nilicheza. Mimi na mdogo wangu Bahati tulikaza shingo na mikono kama watu wa bati, tukamwita mama Mama Disko. Alitabasamu bila kututazama.

Siku moja nilizima mara tu papa alipomaliza, nikidhani naokoa betri. Mama, ambaye hata chumvi aliihesabu, alinishika mkono hadi nikaumia.

“Uache iishe, Furaha.”

Akarudisha ukanda mwanzo, akaanza upya.

Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu, yeye akiwa amekwisha kuzikwa. Hakupenda disko hata kidogo. Alikuwa anangoja. Labda papa alikumbuka jambo, akabonyeza tena kitufe mahali fulani mbele, akaongeza neno moja. Miaka ile yote alimtafuta mumewe ndani ya muziki wa watu wa mbali, nami nilikuwa mbele yake nikicheza, nikipiga miguu chini kwa nguvu, pengine nikimzuia kusikia.