Gitaa Lililokomaa na Magitaa Mabichi

Fundi alikuwa na neno moja la kumalizia kila ubishi kuhusu magitaa: kukomaa. Gitaa alilolitengeneza mwenyewe enzi za ujana wake, lile lililotundikwa juu ya mlango wa karakana, lilikuwa limekomaa. Yale ya binti yake yalikuwa mabichi. Wateja waliojaribu la zamani walifumba macho wakasema sauti yake nzito, ya mtu mzima, naye kichwa kikamvimba mpaka kofia ikambana.

Binti akachoka. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wa baba yake, lakini hakuruhusiwa kuchoma nembo yake kwenye gitaa lolote mpaka moja lilishinde lile la mlangoni. Sasa kiwanda cha vitanda kilikuwa kimemwita kazini. Akamwambia baba yake kwamba Jumamosi mjomba, mpiga gitaa wa harusini, aje apige lile la mlangoni na moja kati ya hayo mabichi. Baba ageukie ukuta, achague kwa sikio. Akichagua la zamani, yeye anakwenda zake kupigilia vitanda misumari.

Fundi akakubali kwa kiburi, kisha hofu ikamshika. Bila huyu mtoto, karakana ingebaki ya vumbi, na yeye ndani yake akibishana na randa.

Jumamosi asubuhi alilishusha gitaa lake alifute. Akaingiza vidole kwenye tundu, akagusa kitu laini, akavuta. Ikatoka soksi, yake mwenyewe, imekakamaa kwa gundi. Enzi zile alifutia gundi kwa chochote kilichokuwa karibu, na mguu haukuwa mbali. Akagusa uzi mmoja. Sauti ikatoka safi, ikakataa kwisha. Kumbe miaka yote watu walikuwa wanaisifia soksi.

Akajua leo anashinda kweupe. Furaha ikampanda, halafu ikamshuka. Akaikunja ile soksi akairudisha ndani, huku akiitukana kimoyomoyo.

Mjomba akapiga. La kwanza likaguna. La pili likaimba. Fundi, uso ukutani, alijikuna kidevu kama anayepata taabu kuamua, akasema anachukua la pili, maana limekomaa. Mkewe, aliyekuja kusikiliza, alicheka mpaka akakaa chini. Binti hakucheka. Alipasha moto chuma, akachoma nembo yake kichwani mwa gitaa.

Mjomba alipoondoka, binti akasogea karibu na baba yake.

“Baba, ile soksi niliiona zamani, nikibadilisha nyuzi. Nikanyamaza. Leo nikakuona kupitia dirishani unaivuta, nikasema basi, nimekwisha. Gitaa lako lilipoguna, nilitaka kulia.”

Fundi akatazama sakafu. Akauliza kwa sauti ndogo angefanya nini, na wale watu wa vitanda walikuwa wanamsubiri.

“Wale niliwakatalia tangu Jumatano.”

Fundi akalichukua gitaa lake, akamkabidhi binti.

“Basi nitolee soksi yangu,” akasema.